Kila Jiwe Lina Tarehe Mbili

Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya husoma bila kukusudia. Husoma majina ya hoteli ambazo basi husimama kwa chakula, vibao vya makanisa, matangazo ya waganga, na alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa mtu aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara. Katikati ya maandishi hayo yapo mengine ambayo macho huyaruka: jiwe la msingi la zahanati, kibao cha Mwenge wa Uhuru kwenye kisima, mnara wa saruji wenye jina la marehemu, nguzo ya kale iliyozungushiwa mnyororo. Hayo ndiyo ninayoyatafuta. Kila nikisafiri huomba siti ya dirishani, na daftari huwa mapajani.

Kazi yenyewe haihitaji utaalamu mkubwa. Ninapofika kwenye jiwe naandika liko wapi, linasema nini na kwa lugha gani, limejengwa kwa vifaa gani, hali yake ikoje, na nani aliyenieleza habari zake. Picha naipiga kwa simu, na simu hiyohiyo hunihifadhia mahali penyewe kwenye ramani. Lakini orodha ya namna hii ingekuwa mkusanyo wa picha tu, kama isingekuwa na safu mbili za tarehe: tarehe ya tukio linalokumbukwa, na tarehe jiwe liliposimikwa.

Wengi huishia kwenye tarehe ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyochongwa kwa herufi kubwa. Ya pili mara nyingi haipo kabisa. Inabidi kuitafuta kwa kuuliza au kwa kukisia kutokana na lugha, saruji na majina. Hata hivyo ndiyo ninayoitumia kuipanga orodha. Ukiyapanga mawe kwa tarehe ya tukio, unapata historia ya nchi kama inavyofundishwa darasani. Ukiyapanga kwa tarehe ya kusimikwa, unapata historia nyingine: nani alikuwa na haki ya kusema kando ya barabara, na katika miaka ipi.

Chukua Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walikuwa wamempa jina la Nyundo, uliingia kwenye mtego wa Wahehe. Mpangile, nduguye mtawala wao Mkwawa, ndiye aliyeongoza shambulio. Zelewski aliuawa pamoja na Wajerumani wenzake kadhaa na zaidi ya askari 200, wengi wao Wasudani na watu wa kusini walioitwa Wazulu, walioajiriwa kupigana katika nchi wasiyoijua. Hicho ni miongoni mwa vipigo vikubwa ambavyo jeshi la Kijerumani lilivipata Afrika Mashariki.

Mnara ulioko Lugalo uliwekwa na walioshindwa. Ni wa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa. Walioshinda siku ile hawakuacha jiwe, na muda wa kuliweka hawakuupata: mwaka 1894 ngome yao ya Kalenga ilibomolewa kwa mizinga, na tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi badala ya kushikwa akiwa hai. Kwa tarehe ya tukio, Lugalo ni ushindi wa Wahehe. Kwa tarehe ya kusimikwa, ni ushahidi kwamba mwenye nchi alikuwa ameshabadilika. Msafiri anayeshuka pale bila kujua habari hizi anaweza kudhani amefika mahali Wajerumani walipofanya jambo la kishujaa.

Kalenga yenyewe, ng'ambo ya pili ya Iringa, ina tarehe zilizoachana zaidi. Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani na ambalo leo liko huko, lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246: Ujerumani ilitakiwa kulikabidhi kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining ndiye aliyelikabidhi kwa Wahehe. Mwaka huohuo chama cha kudai uhuru, TANU, kiliundwa. Anayeandika katika daftari “1898” peke yake ameandika kifo cha mtawala. Anayeongeza “1954” ameandika pia kwamba serikali ya kikoloni, ilipoanza kusikia sauti za kudai uhuru, iliona faida ya kurudisha kichwa cha shujaa.

Dar es Salaam mabadiliko ya wenye haki ya kusema yanaonekana kwa sanamu. Enzi za Mjerumani mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyevizima vita vya Abushiri katika pwani. Wissmann alisimama juu; chini yake alikuwepo askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua macho. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipoivuta chini kwa kamba katika ghasia za mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1927 Dar es Salaam ilipata sanamu mpya, hii tunayoizunguka kwa magari kila siku: askari Mwafrika peke yake, bunduki mbele, bila bwana wa kumtazama. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ni ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Katika daftari nimeziandika sanamu hizo mbili mkabala. Mwingereza alimpandisha askari kutoka miguuni mwa Mzungu hadi juu ya jiwe, na hilo si dogo. Lakini askari huyo hana jina. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, njaa na malaria kuliko kwa risasi, hawana jina wala umbo. Aliyetengenezewa shaba ni mwenye bunduki. Cheo kilipanda, jina halikuandikwa. Tangu nilipoliona hilo nimeongeza safu nyingine katika orodha: majina yaliyotajwa, na ya akina nani.

Safu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye mawe ya mmisionari Livingstone. Nimeyakuta mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote wa karne ya 19 katika njia ya kati ya misafara. Ujiji kuna mnara wa mahali mwandishi wa habari Stanley alipokutana naye, penye miembe iliyorithi mwembe wa kale. Hata tarehe ya pale ina ubishi: Stanley aliandika 10 Novemba 1871, lakini hesabu za shajara ya Livingstone mwenyewe zinaangukia mwishoni mwa Oktoba. Kwihara, karibu na Tabora, kuna tembe aliloishi. Bagamoyo, kwenye mnara wa kanisa la zamani la misheni, kuna maandishi yasemayo kwamba Livingstone alipita katika mlango ule. Alipita kweli, Februari 1874, akiwa maiti iliyokaushwa kwa chumvi na jua, mabegani mwa watu. Waliopita kwa miguu yao ni James Chuma, Abdullah Susi na wenzao, waliombeba kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, kwa miezi mingi.

Na Chitambo ndiko kulikokuwa na alama ya kwanza kabisa ya Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873, moyo wake ulizikwa chini ya mti. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Nasik, India, alisoma sala za maziko, kisha akachonga kwenye gamba la mti ule jina la marehemu na tarehe, na chini yake majina ya baadhi ya wenzake wa msafara. Kipande cha mti huo kilikatwa baadaye na kupelekwa London, kwa Royal Geographical Society. Baadaye kabisa, mwanzoni mwa karne ya 20, palijengwa mnara.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Kijana aliyekuwa na kisu, mti na haraka ya kuondoka kabla msafara haujakwama aliona ni lazima kuwataja waliobeba. Waliokuja baada yake walikuwa na mafundi, saruji, shaba na miaka ya kutafakari, na juu ya mlango wa Bagamoyo wakamtaja mmoja, yule asiyetembea. Umaskini wa vifaa haujawahi kuwa sababu ya kusahau majina.

Baada ya Uhuru, mawe yalibadilisha sauti. Songea kuna makumbusho na kaburi la pamoja la viongozi wa Wangoni walionyongwa tarehe 27 Februari 1906 kwa ajili ya Vita vya Majimaji, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika. Kilwa Kivinje kuna kumbukumbu ya Mwembe Kinyonga, mahali pa kunyongea, ambako Hassan bin Omari Makunganya, mpinzani wa Wajerumani, aliuawa mwaka 1895. Kaboya, mkoani Kagera, wamelazwa wanajeshi wa vita vya 1978–1979 dhidi ya Idi Amin. Katika barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, mahali alipofariki Waziri Mkuu Edward Sokoine kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, watu walikwisha kuliongeza jina lake kwenye jina la mahali, pakawa Wami Sokoine. Na Mazimbu, Morogoro, kuna makaburi ya Waafrika Kusini wa ANC waliokuwa na shule yao hapo tangu miaka ya 1970. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa chuo kikuu kinachobeba jina la Sokoine huyohuyo.

Lakini kwa wingi, hakuna kinachoushinda Mwenge. Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha kileleni mwa Kilimanjaro usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 1961, na tangu mwaka 1964 unakimbizwa nchi nzima karibu kila mwaka. Unapopita, hufungua, huzindua, huweka jiwe la msingi. Kila tendo huacha kibao ukutani: jina la mradi, jina la kiongozi wa mbio, siku, mwezi, mwaka, kaulimbiu. Wasomi wa mambo ya kale hawavihesabu vibao hivyo, na wapiga picha huvipita. Mimi navinakili vyote, kwa sababu ndivyo pekee vinavyoandika tarehe ya kusimikwa bila kuficha.

Ukivisoma kwa mfululizo, unaona serikali ilikuwa inahangaikia nini. Kuna kipindi ambapo mawe mengi yako kwenye visima na majosho. Kuna kipindi yanajaa kwenye kuta za shule za sekondari za kata, zile zilizojengwa kwa kasi baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari kuanza mwaka 2004, wananchi wakichangia mchanga, mawe na nguvu kazi. Jina la kiongozi wa mbio lipo. Jina la mkuu wa wilaya lipo. Waliosomba mchanga kwa ndoo wameandikwa kwa neno moja, “wananchi”, kama waliandikwa. Pale Wainwright alipoanzia hatujapafikia bado.

Na kuna mawe ya msingi ambayo jengo lake halikuja. Jiwe liko katikati ya nyasi, limetiwa nakshi, lina tarehe na jina la mheshimiwa, na nyuma yake hakuna kitu. Nayaorodhesha pia. Kumbukumbu ya ahadi ni kumbukumbu halali, na wakati mwingine ni ya manufaa kuliko nyingine zote.

Kuna tatizo lingine ambalo barabara yenyewe inalizaa. Mzee mmoja upande wa Gairo alinisaidia kulielewa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwuliza kama kijijini kwao kuna jiwe lolote la kale. Akanyoosha mkono kuelekea milimani, mbali na lami. “Mwanangu, hapa barabarani tuliletwa na Operesheni. Sisi wa zamani tuko kule mahameni. Makaburi kule, miti ya matambiko kule. Hapa kuna maduka.”

Alikuwa anasema habari za Operesheni Vijiji, iliyowahamisha mamilioni ya Watanzania katikati ya miaka ya 1970 na kuwapanga katika vijiji, vingi vikiwa kandokando ya barabara. Ukiliweka hilo moyoni, orodha ya kando ya barabara inaonekana kwa jicho lingine. Katika sehemu nyingi za nchi ukingo wa lami ni makazi mapya. Ulichaguliwa na serikali, na yaliyoandikwa hapo mengi ni ya serikali. Hata njia ya kale ya misafara haifuati barabara kuu ya leo. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia, ikavitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Anayekwenda Dodoma kwa basi la haraka hapiti Mamboya wala Mpwapwa. Lazima ashuke, achukue bodaboda, aulize.

Sheria nayo ina kalenda yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na miundo iliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchonga ina ahueni, kwa kuwa mpaka wake ni mwaka 1940. Vya baada ya hapo vinahitaji tangazo la waziri. Mwaka 1863 uko kabla ya Abushiri, kabla ya Mkwawa, kabla ya Majimaji, kabla ya wapagazi, kabla ya kila jambo lililotufanya tuwe nchi moja yenye mipaka hii. Mnara wa Lugalo, kibao cha kisima cha 1975, kaburi la mwanakijiji aliyenyongwa mwaka 1906, vyote vinasimama kwa hisani mpaka mtu avitangaze. Wakati huo barabara inapanuka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliifanya hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 60, na kilichokuwa salama pembeni kikajikuta ndani. Wenye mizani ya vyuma chakavu nao hawabagui shaba ya nyaya na shaba ya kumbukumbu. Nimeshanakili mashimo manne ya skrubu, kibao hakipo.

Wamarekani, ambao desturi ya mawe ya kando ya barabara kwao ni kazi kamili, wanatupa funzo la namna mbili. Jimbo la Virginia lilisimamisha vibao vyake vya kwanza mwaka 1927, mwaka uleule wa Sanamu ya Askari, katika barabara kuu namba 1, kwa ajili ya wenye magari. Sasa vimezidi 2,600, kila kimoja kina herufi na namba yake, na maneno yake hupitishwa na bodi ya serikali kabla ya kusimikwa. Wananchi wanaotaka kibao hupeleka ushahidi na kulipia gharama. Tangu mwaka 2006 kuna pia orodha ya watu wa kujitolea nchini Marekani, inayokusanya picha na maandishi ya vibao kila mahali. Tarehe ya kusimikwa huandikwa. Nayo inasema: miongo ya mwanzo ilijaa majenerali wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na vibao vya watu weusi vikaongezeka baadaye sana.

Funzo la pili ni chungu. Katika jimbo la Mississippi, kibao cha kumkumbuka Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 aliyeuawa mwaka 1955, kiling'olewa na kutupwa. Cha pili kilitobolewa kwa risasi. Cha tatu, kilichowekwa 2018, kilipigwa risasi kabla miezi miwili haijaisha. Mwaka 2019 kikawekwa cha nne, cha chuma kisichopenya risasi, chenye uzito wa zaidi ya kilo 220. Kwa hiyo jiwe hilo moja lina tarehe nyingi, na kila moja inaeleza jambo ambalo ile ya 1955 peke yake isingelieleza. Orodha nzuri huandika pia mawe yaliyovunjwa, lini na namna gani.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba. Mwalimu wa historia aliye katika shule ya kando ya barabara awatume wanafunzi wake waandike kila maandishi ya kudumu yaliyo ndani ya kata: jiwe la msingi, kibao cha Mwenge, kaburi la kale, mti wenye habari zake, na mahame. Waulize wazee, na jina la mzee aliyeeleza liandikwe pale anaporidhia, kwa kuwa yeye naye ni chanzo. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iende kwenye ofisi ya kata. Kijiji kinachotaka kusimika jiwe jipya kisisubiri mgeni rasmi ndipo kifikirie maneno. Kiandike tukio na tarehe yake, kisha kiandike tarehe ya kusimika, aliyelipa, na majina ya waliobeba mawe. Saruji ya mistari minne zaidi haizidi bei ya soda za mgeni rasmi.